Mtoto wa Tumbili au Mtoto wa Paka? Jinsi Mhindu Anavyojikabidhi kwa Mungu

"Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Methali hiyo imeenea pwani nzima, na inajua zaidi habari za duka na mkopo kuliko habari za ibada. Mtu anaweza kukulia jirani na Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, penye mahekalu kadhaa ya Kihindu, akasikia kengele zake miaka nenda miaka rudi, na akazeeka akiamini kwamba humo ndani wanaabudu ng'ombe, basi. Hapa nitashika uzi mmoja tu wa yanayofanyika humo: namna Mhindu wa njia ya bhakti, yaani njia ya kumpenda Mungu, anavyotafuta utulivu wa moyo kwa kujikabidhi Kwake. Uzi huo una fundo ambalo wanazuoni wa Kihindu wenyewe wamelipigania kwa karne nyingi. Ukishamwachia Mungu kila kitu, wewe unabaki na kazi gani?

Nitangulize angalizo. Uhindu hauna mwasisi mmoja wala kitabu kimoja kinachomfunga kila mtu. Wapo Wahindu wanaotafuta ukombozi kwa njia ya maarifa, wakiamini kwamba nafsi ya mtu na uhalisi wa mwisho ni kitu kimoja, hivyo hakuna wa kujikabidhi wala wa kukabidhiwa. Wapo wanaomwelekea Shiva, wapo wanaomwelekea Mungu kama Mama. Mifano yangu mingi inatoka kwa wanaomwabudu Vishnu, ambaye wanaamini hushuka duniani kwa sura mbalimbali, zikiwemo Rama na Krishna. Huko ndiko mafundisho ya kujikabidhi yalikochambuliwa kwa undani zaidi.

Amani inayoanzia vitani

Bhagavad Gita, kitabu cha sura 18 na aya 700 kilichomo ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata, kinaanza na mtu anayetetemeka. Arjuna, mpiga mishale hodari, amesimamisha gari lake la farasi katikati ya majeshi mawili. Upande wa pili anamwona babu yake, mwalimu wake, binamu zake. Mdomo unamkauka, ngozi inamwaka, upinde unamponyoka mkononi, naye anaketi chini na kusema hapigani. Dereva wa gari hilo ni Krishna. Mazungumzo yao pale ndiyo Gita yenyewe.

Krishna haanzi kwa kumbembeleza. Katika sura ya pili anaeleza wasiwasi unavyozaliwa, hatua kwa hatua. Mtu akikodolea macho kitu, moyo unakishika. Moyo ukikishika, tamaa inazaliwa. Tamaa huzaa hasira, hasira huleta mvurugiko, mvurugiko hufuta kumbukumbu ya yale mtu aliyojifunza, na akili ikishapotea mtu kwisha. Aya chache mbele anauliza: asiyetulia, raha ataipata wapi?

Tiba anayoitoa ndiyo aya inayonukuliwa kuliko nyingi: haki yako iko kwenye kazi, haiko kwenye matunda ya kazi. Watu huikatiza hapo. Aya inaendelea kumwonya Arjuna asije akaegemea kutofanya kazi. Anayesubiri majibu ya usaili wa ajira anaielewa hali hii bila kufundishwa. Usaili umekwisha na hakuna awezalo kuongeza, lakini usiku anaurudia kichwani swali kwa swali, kana kwamba akiuwaza vya kutosha majibu yatabadilika. Kwa mujibu wa Gita, kinachomkosesha usingizi ni umiliki anaoudai juu ya kitu ambacho hakijawahi kuwa mikononi mwake.

Kumwambia mtu "achilia" ni rahisi, na nina shaka kama kumewahi kumsaidia mtu yeyote. Aachilie wapi? Hapo ndipo bhakti inapochukua njia yake. Kazi na matunda yake vina wa kupewa. Katika sura ya tisa Krishna anasema anayemtolea kwa upendo jani, ua, tunda au maji, anakipokea. Kisha anaongeza kwamba chochote ufanyacho, ulacho au utoacho, kifanye kiwe sadaka Kwangu. Kuyatupa matokeo hewani ni kazi ngumu, lakini kumpa unayempenda kitu ulichokitengeneza ni jambo ambalo binadamu hulifanya kila siku, tena kwa furaha.

Jikoni jambo hili linaonekana waziwazi. Katika nyumba ya mcha Vishnu anayefuata taratibu, chakula kinapikwa kwa ajili ya Krishna kwanza. Mpishi haonji. Dali inachemka, harufu ya bizari na majani ya mchuzi imejaa nyumba nzima, naye hathubutu hata kugusisha kijiko ulimini kujua chumvi. Anapima kwa jicho na kwa mazoea. Kikishaiva, kiasi kidogo kinapakuliwa kwenye vyombo vilivyotengwa kwa kazi hiyo, linawekwa jani la tulasi, mmea wa jamii ya mrihani, kisha kinapelekwa mbele ya sanamu au picha. Dua inasomwa, watu wanangoja kidogo. Baada ya hapo chakula hicho ni prasadi, yaani kilichopokewa na kurudishwa kikiwa na baraka, na sasa familia inakula. Ikiwa chumvi imezidi, imezidi, chakula kimeshatolewa. Yule mpishi amefanya kazi yake kwa uangalifu kuliko anayejipikia mwenyewe, na hana mamlaka ya mwisho juu ya ladha. Mimi naona somo zima la sura ya pili limo kwenye sufuria hiyo.

Wakati wa kukiri kushindwa

Karibu na mwisho, katika sura ya 18, Krishna anatamka maneno ambayo wacha Vishnu wa kusini mwa India wanayaita kauli ya mwisho: ziache wajibu zote, ukimbilie Kwangu peke Yangu, nitakutoa katika dhambi zote, usihuzunike. Ukiisoma aya hiyo pekee unaweza kudhani Arjuna anaruhusiwa kurudi nyumbani. Aya chache baadaye Arjuna anajibu kwamba mashaka yamemtoka, amesimama imara, na atafanya alivyoambiwa. Anauokota upinde. Aliyejikabidhi ndiye aliyeamka kwenda kazini, na aliyeketi chini mwanzoni ndiye aliyekuwa bado ameyashika matokeo kwa mikono miwili.

Mapokeo ya kusini yamekichambua kitendo hiki cha kujikabidhi, wakiita sharanagati au prapatti, katika sehemu sita. Unaazimia kutenda yanayompendeza Mungu na kuepuka yanayomchukiza. Unaamini kwamba atakulinda, na unamchagua yeye awe mlinzi wako. Unaikabidhi nafsi yako. Ya sita ndiyo inayowatatiza watu wa zama hizi: kukiri kwamba peke yako huwezi.

Tumefundishwa kujiamini, na kukiri kushindwa kunasikika kama unyonge. Wacha Vishnu hulieleza kwa kisa cha tembo Gajendra kilichomo katika Bhagavata Purana. Tembo huyo, mkuu wa kundi lake, aliingia ziwani kunywa maji na mamba akamkamata mguu. Alipambana, kisa kinasema, miaka elfu. Wenzake walimvuta wakashindwa. Nguvu zilipomwishia kabisa, akachuma ua la yungiyungi kwa mkonga wake, akaliinua juu na kumwita Vishnu, naye akaja akamwokoa. Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba hakuna anayemlaumu tembo kwa ile miaka ya kupambana. Alipambana kwa kuwa alikuwa na nguvu. Ila ombi lake lilitoka siku alipojua mwisho wa nguvu hizo, na hata siku hiyo hakwenda mikono mitupu. Alikuwa na ua.

Tumbili na paka

Sasa tulifikie fundo lenyewe. Mji wa Srirangam uko kwenye kisiwa cha mto Kaveri, jimbo la Tamil Nadu, nao una moja ya mahekalu makubwa kabisa ya Vishnu. Hapo ndipo alipofundisha Ramanuja, mwanazuoni ambaye mapokeo yanasema aliishi kuanzia 1017 hadi 1137. Alishikilia, kinyume na wale wa njia ya maarifa, kwamba Mungu ni nafsi ya kupendwa, na kwamba roho za watu na ulimwengu ni kama mwili Wake: havitengani Naye, lakini havifutiki ndani Yake. Kwa hiyo upendo una pande mbili za kweli.

Wafuasi wake waligawanyika baada ya kifo chake. Kundi la kaskazini, Vadakalai, linamfuata Vedanta Desika wa karne ya 13 na 14. Wanasema neema ya Mungu humwokoa mtu kama tumbili anavyombeba mwanawe: mama ndiye anayeruka mti hadi mti, lakini mtoto lazima amshike tumboni. Akiachia, ataanguka. Lazima pawepo tendo fulani la mwanadamu, hata kama ni dogo, hata kama ni kuomba tu. Kundi la kusini, Tenkalai, linalomfuata Pillai Lokacharya, linajibu kwa mfano wa paka. Paka humng'ata mwanawe shingoni na kumhamisha. Mtoto hashiki kitu. Anachotakiwa ni kutofurukuta. Kwa watu wa paka, hata kudhani kwamba "mimi nimejikabidhi, kwa hiyo nimeokoka" ni kujipa sifa isiyo yako.

Usidhani ni mjadala wa wazee wa kivulini tu. Makundi haya mawili yanatambulikana hadi leo kwa alama ya paji la uso, wa kaskazini wakichora umbo kama herufi U na wa kusini wakiongeza mguu chini hadi likawa kama Y. Katika mji wa Kanchipuram wamefikishana mahakamani tangu enzi za Waingereza, wakigombea nani ana haki ya kutangulia kusoma sala hekaluni. Watu wanaofundisha kuacha yote mikononi mwa Mungu, wanagombania mistari ya sala mbele ya hakimu! Sisemi hili kwa kuwacheka. Linaonyesha kwamba kukubali kwa kichwa kwamba Mungu ndiye mwenye yote hakukusaidii chochote unapoguswa pale penye heshima yako.

Ukiniuliza mimi, mwenye wasiwasi wa jana na leo atatulizwa zaidi na paka, na mvivu ataponywa zaidi na tumbili. Lakini wapo waliotafuta njia ya kuwapatanisha wote wawili. Bhagavata Purana ina kisa kingine, cha Krishna akiwa mtoto mtundu. Mama yake mlezi, Yashoda, anataka kumfunga kamba kwenye kinu kwa sababu ameiba siagi. Kamba inapungua vidole viwili. Anaunga kamba nyingine. Bado vidole viwili. Anaunga za nyumba nzima, jasho linamtoka, maua yanamdondoka nywelini, na kila mara ni vidole viwili vilevile. Mtoto anapomwona mama amechoka, anakubali kufungwa, na kamba inatosha. Wafafanuzi wa Bengali wanasema kidole kimoja ni juhudi ya mja, na cha pili ni huruma ya Mungu inayoamshwa na juhudi hiyo. Yashoda hakuweza kumfunga Krishna kwa kuunga kamba, ila bila kuunga kamba asingechoka, na uchovu ule ndio uliomgusa mtoto.

Kisa hicho kinaonyesha jambo jingine. Msomaji Muislamu akisikia habari za kujikabidhi atakumbuka tawakali, na Mkristo atakumbuka "mapenzi yako yatimizwe." Undugu upo. Bhakti inatofautiana hasa kwa aina za ukaribu inazoziruhusu. Mja anaweza kuwa mtumishi wa Mungu, ndiyo, lakini pia rafiki yake, mpenzi wake, hata mzazi wake. Mahekalu mengi hufunga milango mchana ili Mwenyezi apumzike, na kwenye baridi sanamu ya Krishna mtoto huvikwa nguo za joto. Kwa aliyelelewa kwenye dini isiyo na sanamu jambo hili linashtua, wala halihitaji kulazimishwa likubalike. Ila ukilitazama kutokea ndani, mantiki yake inaonekana: mama anayemhangaikia mtoto mchanga hana nafasi ya kujifikiria mwenyewe, na ni kule kujifikiria mno kunakomnyima mtu utulivu.

Washairi wanaolia

Hapa lazima niharibu picha nzuri kidogo. Ukiwasoma watakatifu wa bhakti, wengi hawaonekani kuwa watu waliotulia. Washairi 12 wa Kitamil waitwao Alvar, walioishi kati ya takriban karne ya sita na ya tisa, wanalalamika, wanamnunia Mungu, wanamwuliza amekwenda wapi. Mmoja wao, Andal, mwanamke pekee kati yao, alikataa kuolewa na binadamu yeyote. Mirabai, binti wa kifalme wa Rajasthan katika karne ya 16, aliimba akimlilia Krishna huku wakwe zake, kama mapokeo yanavyosema, wakimpelekea kikombe cha sumu. Maumivu haya ya kutengana yana jina lake, viraha, na yanahesabiwa kuwa daraja la juu la upendo.

Basi amani iko wapi? Jibu la wafuasi wao ni kwamba amani hii haiahidi moyo usio na mawimbi. Gita inaitaja bahari ambayo mito huingia bila kuisha, nayo haipandi wala haivunji kingo. Mirabai analia, lakini halii kwa ajili ya ikulu aliyoipoteza, wala maneno ya watu, wala cheo. Mamia ya wasiwasi yamebaki mmoja, na huo mmoja yeye mwenyewe asingekubali kuponywa.

Huko Maharashtra, upande wa magharibi wa India, hali hiyo ina miguu. Kila mwaka, kuelekea siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo wa Ashadha, Juni au Julai, mamia ya maelfu ya watu hutembea hadi mji wa Pandharpur. Wanaotoka Alandi na Dehu hubeba kwenye machela nyayo za fedha za watakatifu wao Jnaneshwar na Tukaram, na mwendo huo huchukua kama wiki tatu, mvua za masika ya India zikiwanyeshea. Wanaimba, wanapiga matoazi madogo, wakikutana wanainamiana kugusana miguu, mkubwa kwa mdogo. Mungu wanayemwendea, Vithoba, amesimama juu ya tofali mikono kiunoni. Sababu ya tofali hilo: alikwenda kumtembelea mja wake Pundalik, akamkuta anawahudumia wazazi wake wazee. Pundalik hakuacha kazi. Alimrushia Mungu tofali asimame asikanyage matope, akamwambia asubiri. Mungu akasubiri, na wanasema bado anasubiri.

Mji huohuo ulimwacha nje Chokhamela, mshairi wa karne ya 14 wa tabaka la Mahar, waliohesabiwa najisi. Alimwimbia Vithoba maisha yake yote bila kuruhusiwa kuingia ndani, na kaburi lake liko chini ya ngazi za hekalu. Milango ilifunguliwa kwa watu wa tabaka lake mwaka 1947, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula. Nyimbo zake zilikuwa zimeimbwa humo ndani kwa karne nyingi kabla ya watu wake kuingia. Ukimsikia mtu akisema bhakti iliondoa matabaka, mkumbushe ngazi hizo.

Kumkabidhi nani?

Hatari kubwa ya mafundisho haya ni kwamba Mungu haonekani, na guru, yaani mwalimu wa kiroho, anaonekana. Mapokeo mengi yanataka mja aongozwe na mwalimu, na ni hatua fupi kutoka kujikabidhi kupitia kwa mwalimu hadi kujikabidhi kwa mwalimu. Mwaka 2017 na tena 2018 mahakama za India ziliwatia hatiani kwa ubakaji viongozi wawili wa kiroho waliokuwa na wafuasi wengi kupindukia. Wafuasi wao walikuwa wamefundishwa kwamba kuhoji ni dalili ya nafsi kubwa.

Gita yenyewe haisemi hivyo. Aya tatu tu kabla ya ule mwito wa kukimbilia Kwake, Krishna, akiwa amemaliza karibu mafundisho yote, anamwambia Arjuna: yatafakari haya yote bila kuacha kitu, kisha fanya utakavyo.

Ramanuja naye ana kisa chake, ambacho watoto wa Srirangam hukisikia mapema. Alikwenda kwa mwalimu mmoja wa mji wa Tirukkoshtiyur kufundishwa maana ya siri ya mantra, yaani maneno matakatifu ya kukariri, ya silabi nane ya Narayana, jina jingine la Vishnu. Inasemekana alirudishwa mara 17, akakubaliwa mara ya 18, kwa kiapo kwamba hatamwambia mtu. Alipotoka akapanda mnara wa hekalu, akawaita watu wa kila tabaka, na akawatangazia. Mwalimu alimjia juu: hujui kwamba kwa kuvunja kiapo utakwenda motoni? Ramanuja akajibu kwamba kama wote wale wataokoka na yeye peke yake aende motoni, biashara hiyo anaikubali. Mwalimu akamkumbatia.

Karne saba baadaye, kule Gujarat, Sahajanand Swami, ambaye wafuasi wake wanamwita Swaminarayan, aliandika kanuni za jamii yake mwaka 1826 akitaja mafundisho ya Ramanuja kuwa ndiyo anayoyashika. Mahekalu ya wafuasi hao yako Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.